Uchawi Haurithiwi: Tamthilia ya Wachawi na Wanyonya Damu katika Mizani ya Sheria

Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Tumepokea suali kutoka kwa ndugu yetu mmoja anayesomesha madrasa Kinjumbi, wilaya ya Kilwa. Anaeleza kuwa vijana wa huko, wavulana kwa wasichana, wanaazimana tamthilia ya Kiingereza inayoitwa A Discovery of Witches, maana yake kugunduliwa kwa wachawi. Wengine huitazama katika mabanda, wengine huipitisha simu kwa simu. Ni hadithi ya mapenzi baina ya mwanamke mchawi na mwanamume mnyonya damu. Anasema watu wamegawanyika. Wako waliotoa fatwa kwamba kila aliyeitazama amekufuru na hana budi kutamka shahada upya. Wako waliosema ni mchezo tu, kama ngano za sungura na fisi, na kwamba masheikh hawana kazi. Anauliza: lipi sahihi?

Wanavyuoni wa usuli wana kanuni kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Mtu asiyejua ndani ya kitu mna nini hawezi kukihalalisha wala kukiharamisha. Kwa hiyo tutaanza kwa kueleza tamthilia yenyewe, kisha tutaigawa sehemu mbili, kwani mchawi na mnyonya damu hawako katika hukumu moja. Baada ya hapo tutataja dhara tunalolihofia zaidi, ambalo makundi yote mawili ya Kinjumbi hayakuligusa.

TAMTHILIA YENYEWE

Asili yake ni riwaya ya mwaka 2011 ya Deborah Harkness, Mmarekani ambaye ni mwalimu wa historia ya sayansi katika chuo kikuu. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwezi wa Septemba 2018 na ikamalizika mwaka 2022, katika awamu tatu zenye jumla ya sehemu 25. Mwanamke anaitwa Diana Bishop, mwanahistoria mwenye asili ya uchawi asiyetaka kuutumia. Siku moja anaagizia hati ya kale katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, hati namba Ashmole 782, na kumbe hati hiyo imekuwa ikitafutwa na viumbe wote wa siri. Mwanamume ni Matthew Clairmont, mtaalamu wa elimu ya chembe za urithi, ambaye ni mnyonya damu mwenye umri wa miaka 1500. Kuna baraza la viumbe hao mjini Venice linalokataza jinsi moja kupendana na nyingine, nao wawili wanalivunja katazo hilo.

Uadilifu unatulazimisha tukiri mazuri yaliyomo. Hadithi inaheshimu vitabu na maktaba kuliko tamthilia nyingi za namna yake. Hati namba 782 ya mkusanyo wa Elias Ashmole kweli haipatikani katika maktaba ya Bodleian, na mwandishi amejenga kisa chake juu ya pengo hilo kwa ustadi. Tena inapinga chuki ya jinsi moja juu ya nyingine, na hilo ni neno jema. Allah (S.W.) ametubainishia katika Suratul Hujurat (49:13) kwamba tofauti za mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana, na mbora ni mwenye kumcha Yeye zaidi.

Lakini hapo hapo ndipo inapojikanusha. Inasema kwa mdomo kuwa damu ya mtu isiwe sababu ya kumbagua, halafu kila kitu ndani yake kinatokana na damu. Mchawi ni mchawi kwa sababu mama yake alikuwa mchawi. Damu ya Diana inapimwa katika maabara ya Matthew, na majibu yanaonesha ana alama za nguvu gani za kichawi. Wanyonya damu nao wana ghadhabu ya kuua inayopitishwa katika ukoo. Hakuna katika hadithi nzima mtu aliyekuwa mwema kisha akaenda kujifunza uchawi, wala mchawi aliyetubu akauacha. Msomaji atuwekee jambo hili moyoni, maana ndilo tutakalorejea.

MNYONYA DAMU: UZUSHI ULIOKWISHA KUKANUSHWA

Wengi wanadhani mnyonya damu ni uzushi wa Ulaya ambao Uislamu haukuwahi kuuzungumzia. Si hivyo. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na imani inayokaribia sana hiyo. Walidai kwamba mtu akiuawa na asilipiziwe kisasi, ndege hutoka katika kichwa chake, akawa anazunguka juu ya kaburi usiku akilia anyweshwe, anyweshwe, na hatulii mpaka damu ya muuaji imwagike. Ndege huyo wakimwita hama. Maiti mwenye kiu ya damu: hiyo ndiyo hadithi ya mnyonya damu kwa ufupi wake.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) alikanusha mambo kadhaa kwa pamoja, miongoni mwayo ni kudhani mkosi kwa ndege na hiyo hama. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim anataja tafsiri mbili za neno hilo: moja ni hii ya ndege wa aliyeuawa, na ya pili ni bundi anayetua juu ya nyumba watu wakaamini kuwa analeta msiba. Zote mbili zimekanushwa. Kwa hiyo Muislamu anapoulizwa kama maiti anaweza kutoka kaburini akanywa damu ya walio hai, jawabu yake iko tayari tangu karne kumi na nne.

Sasa tutazame nyumbani. Je, pwani yetu haina hama yake? Wazee wote wa Kilwa, Lindi, Mombasa na Dar es Salaam wanaijua habari ya mumiani: watu wa siri wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu ili ifanywe dawa. Neno lenyewe lilitujia kutoka nchi za Waajemi na Waarabu likiwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami, kisha katika midomo ya watu likageuka kuwa jina la wauaji. Wakati wa wakoloni walisingiziwa wazimamoto na wafanyakazi wa hospitali. Mwanahistoria Luise White alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima juu ya uvumi huu katika Afrika ya Mashariki na Kati. Wala sinema zetu haziko mbali na mambo haya, kwani filamu za kutisha za Kiswahili kama Nsyuka ya mwaka 2003 na Shumileta ya mwaka 2005 zilitengenezwa hapa hapa Tanzania.

Uvumi huo ungekuwa ngano tu tusingesema neno. Lakini unaua. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na gari lao kuchomwa moto. Wanakijiji waliwadhania kuwa wanyonya damu. Mwaka uliofuata, 2017, uvumi wa namna hiyo ulienea kusini mwa Malawi, hasa Mulanje na Phalombe, watu kadhaa wakauawa na makundi ya raia, mpaka Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka sehemu hizo. Wauaji wa Iringa Mvumi hawakuhitaji tamthilia yoyote ya Kiingereza. Walikuwa na imani yao wenyewe, na imani hiyo ilikuwa ni ile ile ambayo Mtume (S.A.W.) aliikanusha.

Kwa hiyo katika sehemu hii ya kwanza tunasema: kijana anayemwona mnyonya damu katika kioo, hali anajua ni mchezo na ni uongo, hakuharibikiwa na itikadi. Aliyeharibikiwa ni mzee wake anayeamini kuna mumiani barabarani, hata kama hajawahi kutazama sinema maishani mwake. Imamu anayepanda mimbari kumkemea wa kwanza, akamnyamazia wa pili, ameacha gogo akakamata kijiti.

UCHAWI: NI AMALI INAYOSOMWA

Uchawi hauko kama hama. Uchawi, yaani sihri, Qur'ani haikuukanusha. Jamhuri ya maulamaa wa Ahlus-Sunna wanasema kuwa sihri ina uhakika na athari kwa idhini ya Allah (S.W.), ingawa wako waliosema kuwa ni viini macho tu, kama Abu Bakr al-Jassas katika Mahanafi. Wote wamekubaliana kuwa kuifanya ni haramu na ni katika madhambi makubwa. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim juu ya mambo saba yenye kuangamiza, sihri imetajwa mara tu baada ya shirki.

Lakini tuitazame vizuri aya ya 102 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo msingi wa mlango huu. Aya inaeleza kuwa mashetani walikuwa wakiwafundisha watu uchawi. Kwamba malaika wawili wa Babil, Haruti na Maruti, hawakumfundisha yeyote mpaka wamwonye. Kwamba watu wakajifunza kwao yale ya kumfarikisha mtu na mkewe. Na kwamba wakajifunza yenye kuwadhuru wala yasiwafae. Kufundisha na kujifunza kumekaririwa katika aya hiyo moja. Hakuna ndani yake neno la ukoo, wala damu, wala kizazi. Mchawi kwa mujibu wa Qur'ani ni mtu aliyechagua: alikwenda, akaonywa, akajifunza, akatenda. Dhambi yake ni dhambi ya amali, kama wizi na zinaa, na mlango wa toba uko wazi kwake kama ulivyo wazi kwa mwizi na mzinzi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wachawi wa Firauni. Suratul Aaraf na Suratu Taha zinatusimulia kwamba waliingia uwanjani wakiwa wachawi mahodari, wakitaka ujira kwa mfalme. Walipoona ukweli wa Nabii Musa (A.S.) waliporomoka kusujudu, na Firauni alipotishia kuwakata mikono na miguu na kuwasulubu, hawakurudi nyuma. Lau uchawi ungekuwa katika damu, wangewezaje kuuvua kwa asubuhi moja? Mtu hawezi kuivua damu yake. Wao waliuvua uchawi kama avuavyo mtu nguo chafu.

Tuongeze hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, na wazazi wake ndio wanaompeleka kwingine. Tuongeze na kanuni ya Suratun Najm (53:38) kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Hapo itatubainikia kuwa msingi wa tamthilia hii, kwamba mtu huzaliwa mchawi, unapingana na Qur'ani na Sunna waziwazi.

DHARA TUNALOLIHOFIA

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya itikadi ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu neno hilo hilo linasemwa Kinjumbi, Kipatimu, Njinjo na kila kijiji cha pwani: uchawi ni wa kurithi. Husemwa fulani ni wa ukoo ule, na bibi yake alikuwa nao. Posa huvunjwa kwa maneno hayo. Mtoto hukatazwa kula nyumba ya jirani kwa maneno hayo. Kikongwe asiye na mtoto wala mjukuu wa kumtetea, mtoto wa jirani akipatwa na degedege usiku, macho yote humgeukia yeye. Katika mikoa ya kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa miaka mingi, wengine kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu tu, na wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni.

Kijana wa Kinjumbi anayetazama tamthilia hii hajifunzi humo kuamini kuwa uchawi ni wa damu. Alikuwa akiamini hivyo tangu nyumbani. Anachopata ni kuthibitishiwa, tena kwa lugha ya maabara na chuo kikuu cha Oxford, mambo aliyoyasikia kwa nyanya yake. Ujinga wa nyumbani na ujinga wa ugenini vinapeana mikono, na kikongwe ndiye anayelipa.

Tutoe mfano mmoja kutoka ndani ya hadithi yenyewe, nao ndio ulioturudisha nyuma kuliko picha zote. Hadithi inamfanya Diana kuwa wa kizazi cha Bridget Bishop. Huyu si mtu wa kubuni. Bridget Bishop alikuwa mwanamke wa Salem, Massachusetts, akanyongwa tarehe 10 Juni 1692 kwa tuhuma ya uchawi, na ndiye wa kwanza kunyongwa katika kesi zile ambazo watu 19 walinyongwa na mmoja akafa kwa kukandamizwa kwa mawe. Ushahidi uliotolewa dhidi yake ulikuwa wa namna gani? Watu walidai kuwa kivuli chake kiliwajia usiku, kikawabana na kuwaumiza, hali mwili wake uko kwingine. Huo ndio ushahidi uliomtia kitanzi shingoni. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wachungaji wa Kikristo wenyewe, akiwemo Increase Mather, walisimama kuupinga ushahidi wa vivuli, na gavana akaivunja mahakama ile. Jina la Bridget Bishop lilikuja kusafishwa kwa sheria ya jimbo la Massachusetts mwaka 2001, baada ya miaka 309.

Mwanamke aliyedhulumiwa akasafishwa baada ya karne tatu, tamthilia inakuja kutuambia kwamba alikuwa mchawi kweli! Haikukusudia kumtukana, bali ilitaka kumtukuza, kwani kwao uchawi ni kipaji. Lakini kisheria natija ni moja. Waliosema uongo mahakamani wamesadikishwa, na aliyenyongwa kwa dhulma amethibitishiwa shitaka. Kumpamba mtu kwa tuhuma iliyomuua ni kumwua mara ya pili.

USHAHIDI KATIKA FIQHI

Hapa ndipo fiqhi yetu inapostahiki kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Watu wa Kilwa ni wa madhehebu ya Imamu Shafii (R.A.) tangu zamani, Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta hivyo na kuwasifu kwa dini. Sasa madhehebu haya yanasemaje juu ya kuthibitisha uchawi? Yanasema kuwa mauaji ya uchawi huthibiti kwa kukiri mchawi mwenyewe. Sababu waliyoitoa fuqahaa ni ya akili kabisa: shahidi haoni nia ya mtu wala hashuhudii athari ya uchawi ikitoka kwa huyu na kumfikia yule, basi atashuhudia nini? Na Imamu Shafii mwenyewe hakumhukumu mchawi kwa jina tu. Alisema aulizwe auelezee uchawi wake. Ukiwa na maneno ya kufuru itakuwa hukumu yake ni nyingine, na usipokuwa nayo itakuwa nyingine.

Ndoto basi si hoja. Kivuli si hoja. Macho mekundu si hoja. Maneno ya mganga ndiyo kabisa si hoja, kwani katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, hazikubaliwi sala zake za siku arubaini. Itakuwaje maneno ya mtu ambaye kumwuliza tu kunabatilisha thawabu za sala yawe ushahidi wa kumhukumu Muislamu?

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu nchi hizi za kusini mwa pwani zina historia ndefu ya kumtukuza mganga mfichua wachawi. Utenzi wa Swifa ya Nguvumali, uliotungwa na Hasani bin Ismail na kuchapishwa Oxford mwaka 1968 kwa uhariri wa Peter Lienhardt, umejengwa juu ya sifa za mganga wa namna hiyo. Ni kazi ya mtunzi hodari, na lugha yake ni hazina. Lakini mwanafunzi wa dini anayeusoma lazima ajiulize: huyu mganga alipata wapi elimu yake ya ghaibu? Na Umatumbi, jirani ya Kinjumbi, ndiko vilikoanzia vita vya Maji Maji mwezi wa Julai 1905. Watu wale walikuwa na haki ya kukataa kulimishwa pamba kwa viboko vya Wajerumani, na ushujaa wao hautasahauliwa. Lakini waliambiwa kuwa dawa itageuza risasi kuwa maji, na risasi hazikugeuka. Wenyeji wa huko wanajua kuliko wengine kwamba imani isiyo na dalili hulipiwa kwa roho za watu.

Huenda akatokea mwenye kusema: Umar bin Khattab (R.A.) aliandika kuwa wachawi wauawe, nyinyi mnawatetea? Tunajibu: Khalifa aliwaandikia watendaji wake wa serikali, hakuwaandikia vijana wenye mapanga. Adhabu ni ya mamlaka baada ya kuthibiti kosa. Na hadithi ile ile ya mambo saba yenye kuangamiza, iliyotaja sihri ya pili, imetaja ya tatu kuiua nafsi bila haki, na ya saba kuwasingizia wanawake waliohifadhika machafu. Mwenye kumwua kikongwe kwa dhana, akidai anakimbia dhambi ya pili, ameangukia ya tatu. Na mwenye kumwita Muislamu mchawi bila ya ushahidi anastahiki kutiwa adabu na kadhi, na amebeba buhtani iliyotajwa katika Suratul Ahzab (33:58).

Halafu tuangalie Sunna. Mtume (S.A.W.) alirogwa na Labid bin al-Aasam, kama ilivyopokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.). Yeye hakuhitaji ndoto ya mtu wala mganga. Alijulishwa na Mola wake nani aliyefanya, kwa kitu gani, na katika kisima gani. Je, aliwatuma Masahaba wakachome nyumba? Alisema kuwa Allah (S.W.) amekwisha kumponya, naye anachukia kuwachochea watu shari, akaamuru kisima kifukiwe. Ikiwa aliyekuwa na yakini ya wahyi alichelea fitina, mwenye dhana ya jirani atoe wapi ujasiri?

HUKUMU

Baada ya maelezo haya tunajibu suali kwa vifungu vinne.

Kwanza, waliosema mtazamaji amekufuru wamekosea, na kosa lao ni kubwa. Kutazama mwigizaji anayejifanya mchawi si kujifunza sihri, wala si kuisadiki, wala si kumwendea kahini. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kumwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Vijana wale ni Waislamu, hawahitaji kutamka shahada upya kwa sababu hiyo.

Pili, waliosema ni mchezo tu nao wamekosea. Tamthilia hii ina maonesho ya kitandani na miili isiyositiriwa, na aya za 30 na 31 za Suratun Nur zimewaamrisha waumini wanaume na wanawake kuinamisha macho. Katika banda ambamo wavulana na wasichana wamekaa bega kwa bega gizani, jambo ni zito zaidi. Kwa sababu hiyo kuitazama kama ilivyo haijuzu, na uharamu wake unatokana na hayo yaliyomo na yanayoizunguka. Na ikimpitisha mtu wakati wa sala, hilo ni dhambi juu ya dhambi.

Tatu, mapenzi yanayosifiwa humo kwa mmoja kumnywesha mwenziwe damu yake ni kupamba najisi. Damu imeharamishwa kwa nassi ya Qur'ani (5:3). Mwalimu aitumie nafasi hiyo kuwafahamisha vijana kwamba kumchangia mgonjwa damu hospitalini ni jambo jingine kabisa, ambalo maulamaa wa zama hizi wamelijuzisha kwa dharura ya kuokoa roho. Asiogope mtu mumiani.

Nne, na hili ndilo la kwanza kwa umuhimu: mwenye kutoka katika tamthilia hii, au katika baraza la wazee, au kwa mganga, akiwa na itikadi kuwa watu fulani ni wachawi kwa kuzaliwa, itikadi hiyo ni batili na ni wajibu aiache. Akiwa ameitumia kumsema mtu, kuvunja posa au kumtenga jirani, basi ni haki ya mja, na toba yake haitimii mpaka amwendee aliyemdhulumu amtake radhi.

NASAHA KWA MAIMAMU

Tunamwomba ndugu yetu wa Kinjumbi na maimamu wenzake wasiishie kupiga marufuku. Marufuku ya mabanda hudumu wiki moja, kisha simu huendelea mfukoni. Wawasomeshe vijana aya ya 102 ya Baqarah kwa tafsiri yake kamili. Wawaeleze habari ya wachawi wa Firauni. Wawasimulie kisima cha Labid, kwani ni kisa kinachomvutia kijana kuliko tamthilia yoyote, na hakuna uongo ndani yake. Khutba moja ya Ijumaa juu ya ushahidi wa uchawi katika madhehebu ya Shafii inaweza kuokoa roho ya mtu ambaye leo anatajwa kwa siri kijijini mwenu.

Na katika kila mtaa kuna nyumba moja ambayo watoto wanakatazwa kupita mlangoni pake jioni. Mwenye nyumba hiyo mara nyingi ni mjane anayesali sala tano na kulima kishamba chake cha ufuta peke yake. Imamu aende akamwamkie, mchana, watu wakimwona. Akaribishwe chai anywe. Tendo hilo litawafundisha watu wa mtaa yale ambayo makala hii imejaribu kuyaeleza.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuepushe na shari ya wachawi wa kweli na ndimi za wenye kusingizia uchawi, atuoneshe haki kuwa ni haki atuwezeshe kuifuata, na batili kuwa ni batili atuwezeshe kuiepuka. Amin.

Wallahu a'lam.